Anayemdai Marehemu

Lango la ghala la pamoja la Kiomboi halikuwa na mlinzi, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Halikuomba chai. Halikuwa na shemeji wa kumpitisha mlango wa nyuma. Lilikuwa na sikio tu, kidude cha rangi ya udongo mfano wa kipande cha kibuyu, kilichofungwa kwenye nguzo usawa wa kifua cha mtu. Aliyekuja kuchukua alizeti alisimama mbele yake akataja jina lake na la biashara yake. Taa iliyo juu ya sikio ikiwaka kijani, lango lilifunguka na magunia yakaanza kujipanga yenyewe kwenye mkanda hadi garini. Mwenye alizeti angelipwa baadaye, mafuta yakishauzwa. Hakuna hati ya nyumba, hakuna njoo kesho.

Asubuhi hiyo taa ilikataa.

"Tabitha Msengi," alirudia mwanamke kijana aliyekuwa mbele ya foleni, kitambaa cheusi cha msiba bado kichwani. "Msengi na Binti, wakamuaji wa mafuta."

"Nimekusikia, Tabitha. Pole kwa kufiwa," sikio lilijibu kwa upole. "Biashara yenu ina deni ambalo muda wake umepita, na aliyelitoa hajasema limekwisha. Siwezi kuwawashia taa."

"Asante," Tabitha alisema, akawapisha wenzake.

Asante hiyo ilimchoma Asnath Ntandu kuliko tusi. Alikuwa amesimama kando ya foleni, kofia ya ukindu imemfunika uso, akijifanya mnunuzi wa asali. Ile sauti aliijua vizuri. Yeye na mwenzake Lugano Mwakyambiki ndio walioifundisha kusema, na ndio walioifundisha kumpa pole mfiwa. Walichosahau kuifundisha ndicho kilichomtoa ofisini Dodoma, kwa sababu kwa miezi kadhaa taa za Kiomboi zilikuwa zikizimika moja baada ya nyingine, tena za watu ambao hata jirani mwenye kijicho hakuwa na la kuwasema.

Mwenye sauti hiyo nchi ilimwita Shahidi. Kabla yake wafanyabiashara walijuana kwa mitaa. Mkamuaji wa Kiomboi aliaminika hadi mwisho wa barabara ya Kiomboi, na akifika Kigoma alikuwa mgeni kama wageni wengine, asiyejua nani ananunua wala nani analipa. Benki zilimkopesha aliyekwisha kuwa nacho, zikamtaka asiye nacho alete hati ya kiwanja ambacho babu yake alikipata kwa kufyeka pori. Na wakati huohuo, sokoni, watu walewale wasiokopesheka walipeana mali kauli kila siku iendayo kwa Mungu. Chukua mzigo, kauze, kisha niletee changu. Ahadi zisizo na idadi zilitolewa na kutimizwa, na hakuna aliyezisikia ila wawili waliopeana.

Mama yake Asnath aliuza mafuta ya kula namna hiyo maisha yake yote. Hakumwangusha mtu hata mara moja, na alikufa bila benki kumkopesha hata cherehani. Binti yake aliposomea uhandisi alikuwa na swali moja tu kichwani, lililomkaa kama mfupa kooni: je, ahadi za mama zingekuwa na wa kuzisikia?

Basi masikio yakatengenezwa, yakafungwa magulioni, kwenye maghala na kwenye karakana za mkoa wa Singida kwa majaribio. Wawili wakipatana walisimama mbele ya sikio. Mtoaji alisema alichotoa, mpokeaji alisema atalipa lini, kisha Shahidi akamuuliza mtoaji swali moja: unamwamini kwa nini? Majibu hayo, ya wauza kuku na mafundi wa mizinga na wasaga nafaka, ndiyo yaliyojaza kanzidata ya biashara ambayo hata mabenki sasa yalikuja kuibishia hodi. Fundi wa mizinga wa Manyoni alijulikana Mtwara kabla hajapanda treni. Mjane aliyekuwa akiuza mayai kwenye beseni alikuwa na mashine tatu za kuangulia vifaranga, na wadai waliomwamini walikuwa wakigombea kumwamini zaidi. Viwanda vidogo vilichipuka kama uyoga. Asnath alipopita barabara ile na kuviona, mabati yake mapya yakimeta kwa paneli za jua, alijisikia furaha ambayo hakuwa na wa kumweleza. Mama asingekuwa gizani.

Jumatatu iliyokuwa ikija, Shahidi angewashwa nchi nzima. Na Jumatatu hiyohiyo ghala la Kiomboi lingefunga msimu, alizeti iliyobaki ingepakiwa kwenda viwanda vya mbali, na mtambo wa Tabitha Msengi ungelala njaa mwaka mzima.

*

Asnath alimfuata hadi kwenye karakana yake. Mtambo ulikuwa umefunikwa turubai safi, na juu ya mlango mkono wa mtu asiye mchoraji ulikuwa umeandika MSENGI NA BINTI, hilo neno la mwisho likiwa limebanana kwa kukosa nafasi.

Asnath alivua kofia, akajitambulisha kwa jina na kwa kazi. Alitegemea maneno makali. Tabitha akamwamkia shikamoo, akamvutia kigoda na kumletea maji.

"Deni ni la nani?" Asnath aliuliza.

"La mzee Hango Kitundu. Alimpa baba alizeti msimu uliopita. Baba akaugua katikati ya kazi, na pesa za mafuta zikaishia hospitali."

"Na mzee Hango anakudai?"

"Hanidai. Alisamehe. Siku ya mazishi, tulipomaliza kuweka mashada, baba mdogo aliuliza kama ilivyo kawaida, anayemdai marehemu ajitokeze. Mzee Hango akasimama akasema, nilikuwa namdai, nimemsamehe, apumzike. Watu wote walisikia."

Asnath alishusha pumzi. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa dogo. "Basi si aje aseme hivyo mbele ya sikio? Ni dakika moja."

Tabitha alimtazama kwa namna mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia na viatu kwenye jamvi.

"Dada, akifika pale Shahidi atamuuliza nini?"

"Alimpa nani, alimpa nini, na kama limekwisha."

"Basi atakuwa amemdai tena."

"Atakuwa anafunga deni."

"Atakuwa amelitaja. Huku kwetu deni la marehemu likishasamehewa halitajwi. Ukilitaja, hata kwa wema, ni kwamba lilikuwa bado moyoni." Alinyanyua kikombe kilichokwisha maji. "Sisi siyo wa kwanza. Nenda kila nyumba iliyozika mtu wa biashara tangu masikio yalipokuja. Zote hazina taa."

Asnath akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimtia aibu. Alikuwa ameunda kitu kinachosikia kila ahadi ya nchi, na hakuwahi kujiuliza watu wanasamehe wapi. Kanuni ya kwanza ya Shahidi ilikuwa hii: aliyesema ndiye anayefuta. Mdai peke yake, kwa sauti yake mwenyewe. Ilionekana haki iliyoje walipoiandika.

"Hujaenda kumwomba?" aliuliza. "Mnakaa karibu."

"Siwezi," Tabitha alisema.

*

Mzee Hango Kitundu alikuwa akishusha madumu ya maji mgongoni mwa punda. Nyuma yake, kisimani, pampu yake ya jua ilikuwa imefunguliwa, matumbo yake yamepangwa juu ya gunia, yote yamekufa kutu. Asnath alijua bei ya pampu kama ile. Deni la marehemu Zefania Msengi lingeinunua, na chenji ingebaki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye lile sikio?"

Habari zilikuwa zimemtangulia. Asnath akakubali.

"Linasalimia vizuri," mzee alisema. "Nililisifu tangu siku ya kwanza. Niliuza alizeti kwa mtu wa Tabora nisiyemjua sura, na akanilipa. Maishani mwangu sikudhani nitaona hilo. Kaa."

Asnath akakaa juu ya dumu, akaeleza haja yake kwa adabu zote alizofundishwa na nyingine alizozibuni hapohapo. Alisema kuwa sikio lingeweza kuletwa hapo nyumbani, pasiwe na mtu mwingine. Alisema kuwa asingehitaji kutaja kiasi, angetaja jina tu.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Hakumkatiza hata pale punda alipomkatiza.

"Mwanangu, mimi nilisema mbele ya kaburi. Sasa unataka niende nikaseme mbele ya kibuyu. Kwani kaburi halikutosha?"

"Lilitosha kwa watu, baba. Shahidi hakuwepo."

"Hilo ni kosa la nani?"

Asnath akachezea kofia yake.

"Mtu akisamehe amefukia," mzee alisema. "Nikilitaja jina lake na alizeti yangu kwa pamoja, nimefukua. Watakaonisikia watasema Hango pampu imemfia, ameanza kupitapita akidai. Na yeye mwenyewe Zefania huko aliko nitakuwa nimemwita arudi nyuma. Sitaki."

"Kwa hiyo binti yake akae gizani?"

Hapo sauti ya mzee ikabadilika, haikupanda ila ilikauka. "Sikumzimia taa mimi. Taa ni yenu. Mtambo wenu una akili nyingi, lakini adabu ya msibani hauna. Mkiujaza adabu mniite nije niutazame."

Akarudi kwa punda wake. Asnath aliondoka na hasira njia nzima, na alipofika nusu ya njia hasira ilikuwa imehamia kwake mwenyewe.

*

"Tumia ufunguo," Lugano alimwambia.

Lugano ndiye aliyekuwa mkurugenzi sasa. Uso wake ulielea hewani juu ya kiganja cha Asnath, umevimba kwa kukosa usingizi, na nyuma yake watu walikuwa wakijaribu vipaza sauti vya sherehe ya Jumatatu.

Funguo zilikuwa mbili duniani, wake na wa Lugano, na hazikuwa za chuma. Kila mmoja wao alikuwa na sentensi yake, na Shahidi alikuwa akiitambua kwa sauti ya mwenyewe tu. Waliziweka kwa ajili ya siku mbaya, vita au moto. Hawakuwahi kuzitumia.

"Ni deni la uongo," Lugano aliendelea. "Mdai mwenyewe amesamehe, kijiji kizima ni shahidi. Lifunge, funga na mengine ya namna hiyo, urudi tuwashe nchi."

"Unakumbuka Mizani iliangukaje?"

Nani angesahau. Mizani ilikuwa kanzidata ya kwanza, iliyojengwa kwa pesa nyingi na kuvunjwa kwa fadhila ndogondogo. Fundi mmoja alimfutia deni kaka yake, mwingine akamfutia bosi wake, na siku watu walipojua, hakuna aliyeamini tena hata neno moja la kweli lililokuwemo ndani. Ndiyo maana Shahidi alikuwa na kanuni ya pili, undugu si sababu. Ukimwambia unamwamini mtu kwa kuwa ni mtoto wa fulani, alikuuliza upya.

"Mizani ilifutwa na wezi," Lugano alisema. "Wewe unafuta kisicho kweli."

"Kila aliyefuta alisema hivyohivyo."

"Basi mwache binti wa watu afilisike kwa kanuni yako nzuri."

Alikata, na Asnath hakumlaumu. Alikuwa amemgusa palepale penye kidonda.

Alikwenda karakana ya Msengi akakuta mlango wazi na Tabitha hayupo. Sikio la biashara lilikuwa ukutani, taa yake imekufa. Asnath akasimama mbele yake. Nje, wakulima wawili walikuwa wakipita na kuulizana kama magari ya Jumatatu yangelipa vizuri.

Akaisema ile sentensi.

"Nakusikiliza, Asnath," Shahidi akasema, kwa sauti ambayo hakuna mfanyabiashara aliyewahi kuisikia, tulivu mno na tayari kwa lolote. "Nifute nini?"

Neno moja, na Kiomboi yote ingewaka. Tabitha angepata alizeti, mzee Hango angebaki na heshima yake, waziri angekata utepe. Mtu gani angedhurika? Asnath alitafuta na hakumwona, na jambo hilo ndilo lililomtisha. Kama yeye, aliyeiandika kanuni, aliweza kuivunja kwa moyo mweupe namna hii, basi yule atakayeshika ufunguo baada yake ataivunja kwa moyo wa rangi yoyote. Na watu wa mama yake, ambao hawakuwa na kitu kingine duniani ila neno lao, wangerudi kuwa na neno linalofutika.

"Usifute kitu," alisema. "Nimepita tu."

"Karibu tena," Shahidi alijibu. Asnath akacheka peke yake, machozi yakimlengalenga, na hivyo ndivyo Tabitha alivyomkuta alipoingia na kuku wawili wamening'inia mkononi.

Tabitha aliwatazama wote wawili, mhandisi na sikio, akaamua kutouliza.

"Jumamosi tunaanua tanga," alisema. "Kwa kuwa bado upo, karibu ule nasi. Ukija kaa mbele, maana baba mdogo sauti yake ndogo, na atauliza tena."

"Atauliza nini?"

"Lilelile. Anayemdai marehemu. Mara ya kwanza, makaburini, watu husema. Mara ya pili, tanga linapoanuliwa, hunyamaza. Ikishanyamaziwa mara ya pili imekwisha, hata mjukuu hawezi kuja kulidai."

"Na akitokea wa kusema?"

"Atalipwa, ni haki yake. Ila mimi sijawahi kumwona."

Asnath alikalia ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa ametumia ujana wake wote kuifundisha mashine kusikia maneno.

*

"Ukimya," Lugano alisema jioni ile. "Unataka tupime ukimya."

"Nataka tuuheshimu."

"Asnath, ukimya unanunuliwa. Unatishwa. Mnyonge anayemdai tajiri naye atanyamaza."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo alilokuwa akilitafuna tangu mchana. Akamsomea alichokiandika. Ukimya usihesabike ila mdai yupo palepale, na amejitaja mwenyewe kwa sauti yake alipofika. Aulizwe na mtu wa familia, mbele ya watu, si na mashine. Na baada ya hapo, kwa muda wa mwezi mzima, aweze kwenda kwenye sikio lolote nchini, peke yake, akasema hakusamehe, na asiulizwe kwa nini.

"Na hatutafuta deni lolote kwa ufunguo," alisema. "Tutatumia funguo zetu zote mbili kumfundisha kanuni mpya, kwa sauti, mbele ya kila mtu. Tuanze na sikio moja, Jumamosi. Kisha tuzunguke mikoa yote tuwaulize wanavyosamehe huko kwao, kabla hatujawasha nchi. Sherehe ingoje."

Lugano hakusema kitu kwa muda mrefu.

"Umenyamaza," Asnath alimwambia.

"Na mimi sijakubali, kwa hiyo unaona tatizo lako." Lakini alikuwa ameanza kutabasamu. Akajifuta uso kwa viganja. "Waziri nimwambie nini?"

"Mwambie Shahidi bado anafundishwa adabu ya msibani."

*

Jumamosi watu walijaa chini ya turubai hadi wengine wakakaa kwenye kivuli cha ukuta. Picha ya marehemu Zefania Msengi ilikuwa mezani, amevaa koti lililomzidi mabega, na kando ya picha waliliweka sikio. Lugano alikuwa ameshasema sentensi yake kutoka Dodoma, kupitia kipaza sauti, na Asnath ya kwake hapohapo, na kanuni mpya ikasomwa kwa watu kama tangazo la ndoa. Wengine walitikisa vichwa. Bibi mmoja aliuliza kama kibuyu hicho kitakula pia.

Kila aliyeingia alijitaja. Mzee Hango alifika wa mwisho, amevaa suruali iliyopigwa pasi na kofia ya pama. Alilitazama sikio kwa muda.

"Hango Kitundu," alisema. "Nimekuja msibani."

"Karibu, mzee Hango. Pole," Shahidi alimjibu.

"Nimeshapoa," mzee alisema, akatafuta kiti.

Watu walisali, wakaimba, wakasomewa shukrani. Kisha Nikodemo Msengi, mdogo wa marehemu, akasimama akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Kweli sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ndugu zangu, kaka yangu alikuwa mtu wa biashara, na mtu wa biashara ana watu wengi. Tuliwauliza makaburini na leo tunawauliza tena. Anayemdai marehemu, aseme."

Asnath alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aliwaza pampu iliyofumuliwa juu ya gunia. Mtu anaweza kusamehe akiwa na maji kisimani, na akahesabu upya akishaanza kuyafuata kwa punda. Ni haki yake. Kama mzee angesimama sasa, Shahidi angelisikia neno lake na kulishika, na hakuna mtu, hata mwenye ufunguo, ambaye angekuwa na la kusema. Mbele yake, kwenye viti vya wafiwa, Tabitha alikuwa akitazama mapaja yake. Kuku walipekua nyuma ya jiko. Mtoto alianza kulia akanyonyeshwa.

Mzee Hango akakohoa.

Turubai zima liligeuka. Mzee aliingiza mkono mfukoni bila haraka, akatoa leso, akapangusa mdomo, akaikunja mara nne kama mtu asiye na safari, akairudisha alikoitoa. Kisha akaweka mikono juu ya magoti na kutazama mbele, na hapo ndipo alipobaki. Wapo waliosema baadaye kuwa alifanya makusudi.

Nikodemo alisubiri hadi alipoona imetosha. "Asanteni," alisema, akakaa.

Taa ya sikio ilitetemeka, ikawaka kijani.

Kwa kila deni linalofungwa, Shahidi hutunga maelezo mafupi ya namna lilivyokwisha. Maelfu kwa maelfu yalisema amelipa, amerudisha mali, wameafikiana. Asnath aliinama kusoma hayo mapya kiganjani mwake, maana hakumfundisha la kuandika. Yalisema: *Mdai alikuwepo. Aliulizwa mbele ya watu. Alinyamaza.* Hapakuwa na kiasi, wala jina la mali. Alilia hapohapo mbele ya watu, na kwa kuwa ni msibani hakuna aliyemshangaa.

Akina mama walikuwa wameanza kupakua chakula mzee Hango alipoinuka. Hakwenda kwenye sahani. Alikwenda mezani, akamwita Tabitha kwa kichwa, wakasimama wote wawili mbele ya sikio.

"Nimempa Tabitha Msengi alizeti yangu yote iliyo ghalani," mzee alisema.

Tabitha akasogea. "Nimepokea. Nitamlipa mafuta yakiuzwa, kabla ya mvua."

"Mzee Hango," Shahidi akauliza, kama alivyouliza wengine wote, "unamwamini kwa nini?"

"Ni binti wa Zefania."

"Undugu si sababu, mzee wangu. Unamwamini kwa nini?"

Asnath alifumba macho. Kanuni hiyo aliiandika yeye, na asingethubutu kufungua mdomo kuipinga.

Mzee Hango hakuonekana kukasirika. Alivua kofia, akainama karibu na sikio kama anayemwambia mtu siri, ila alisema kwa sauti waliyoisikia hadi wapishi.

"Tangu tumzike baba yake amekaa bila taa. Nyumba yake na yangu tunaombana chumvi. Neno langu moja lingemwashia, na wala hakuja kuniomba nimtaje baba yake."

Sikio lilikawia kidogo.

"Sababu imepokelewa," Shahidi alisema.

Mzee Hango akavaa kofia yake, akamwambia Tabitha aache kulia akatafute gari na dereva kabla wanaume hawajashiba.